Jani, Chuma na Sumaku: Namna Mimea Inavyotumika Kutengeneza Vibebeo vya Dawa za Saratani

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, wazazi na ndugu zangu wote mliotenga jioni yenu kuja kusikiliza kemia hapa Unguja, assalamu alaykum, na wengine habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie chembe ndogo sana za sumaku zinazotengenezwa kwa msaada wa mimea ili zibebe dawa za saratani. Kabla sijaenda mbali, naomba tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila mazungumzo haya yanapoanza. Ipo mimea inayotupa dawa yenyewe. Vinkristini, ambayo hupewa watoto wenye limfoma ya Burkitt, aina ya saratani ya tezi za limfu, hutoka katika Catharanthus roseus, lile ua la waridi au jeupe lenye asili ya Madagaska ambalo wengi wenu mmelipanda mbele ya nyumba bila kujua lina nini. Na paklitakseli ilipatikana kwanza katika gome la mti wa Taxus brevifolia wa magharibi mwa Amerika ya Kaskazini. Hiyo ni habari moja, na ni habari ya kweli. Habari ya leo ni nyingine. Mmea tutakaouzungumzia hautoi dawa, bali unatoa maji ya kutengenezea chombo, na dawa itakayopakiwa katika chombo hicho ni ileile inayotolewa hospitalini kwa dripu. Atakayetoka hapa akawaambia jirani zake kwamba mlonge au mwarobaini unatibu saratani, atakuwa amesema jambo ambalo mimi sikulisema, na huenda akamfanya mgonjwa aache matibabu yanayomsaidia.

Sasa kwa nini tunahitaji chombo? Chukueni mfano wa doksorubisini, dawa nyekundu iliyotokana na bakteria aitwaye Streptomyces peucetius, ambayo hujipenyeza katikati ya nyuzi za DNA na kuizuia seli isigawanyike. Ikishaingia kwenye mshipa, damu huipeleka kila inakofika, kwa hiyo pamoja na uvimbe wa saratani hupigwa pia uboho unaotengeneza damu, utando wa kinywa, mizizi ya nywele, na kibaya zaidi, msuli wa moyo. Madhara ya moyo hujilimbikiza, na ndiyo maana madaktari huhesabu jumla ya dawa hiyo aliyopewa mgonjwa tangu siku ya kwanza, wakijitahidi isivuke kiasi cha miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili. Inawezekana kabisa mgonjwa akawa na saratani ambayo bado inaitikia dawa, lakini moyo wake ukawa umefika mwisho wa hesabu. Endapo sehemu kubwa zaidi ya dawa ingefika kwenye uvimbe na ndogo zaidi ikafika moyoni, hesabu hiyo ingebadilika. Utafiti wote ninaouzungumzia leo unatafuta jibu la tatizo hilo.

Niseme pia, ili tusipotoshane, kwamba chombo hiki si jibu la tatizo kubwa la saratani nchini kwetu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba Tanzania hupata wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 kila mwaka, na saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake. Wengi wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road hufika ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa. Chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo ya mlango wa kizazi, iliyoanza kutolewa kwa wasichana nchini kote mwaka 2018, pamoja na uchunguzi wa mapema, itaokoa watu wengi kuliko chembe yoyote nitakayoieleza hapa. Mwanasayansi anayeficha jambo hilo ili utafiti wake upate fedha hatutendei haki.

Turudi kwenye chembe. Tunazungumzia vipande vya oksidi ya chuma iitwayo magnetaiti, ambayo ina atomu tatu za chuma kwa kila atomu nne za oksijeni, vyenye upana wa nanomita 10 hadi 20. Unywele wa binadamu una upana wa nanomita kati ya 50,000 na 100,000. Magnetaiti si kitu kigeni, kwani ndilo jiwe jeusi la sumaku walilolijua mabaharia wa kale. Lakini likipunguzwa hadi kufikia udogo huo hubadilika tabia, na nadharia inayoeleza jambo hili tunadaiwa sana na Mfaransa Louis Néel, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1970. Kipande kikubwa cha sumaku hubaki sumaku hata ukikiacha mezani. Chembe ya nanomita 15 inafanana na wanafunzi katika uwanja wa shule: kengele ikigongwa wote hujipanga na kutazama upande mmoja, na wakiruhusiwa hutawanyika kana kwamba hapakuwa na mstari. Ukisogeza sumaku, chembe huvutwa kwa nguvu. Ukiiondoa, usumaku wake hutoweka. Tabia hii ndiyo inayozifanya zifae kuingizwa mwilini, kwa sababu chembe zingebaki na usumaku zingeng'ang'aniana zenyewe kwa zenyewe na kuziba mishipa midogo ya damu.

Njia ya kawaida ya kuzitengeneza iliwekwa wazi na Mfaransa mwingine, René Massart, mwaka 1981. Unachukua chumvi za chuma za aina mbili, yenye chaji mbili na yenye chaji tatu, kwa uwiano wa moja kwa mbili, unazitia alkali kali kama kostiki soda au amonia, na mara unaona unga mweusi ukishuka chini. Ni rahisi kusimulia kuliko kufanya, kwa sababu oksijeni ya hewa huharibu uwiano huo, kwa hiyo maabara nyingi hupitisha gesi ya naitrojeni muda wote, kisha huongeza kemikali nyingine za kuzifunika chembe zisigandane. Ipo njia nyingine inayotoa chembe zenye ukubwa unaolingana sana, lakini inadai viyeyusho vya mafuta na joto linalokaribia nyuzi 300 za Selsiasi, na mwishoni bado unabaki na kazi ya kuzibadilisha ngozi ya nje ili zikubali maji. Kwa maabara yenye umeme wa kubahatisha, njia hiyo ni ndoto ya mbali.

Hapa ndipo mimea inapoingia. Unachemsha majani, magome au mwani katika maji, unachuja, unatia maji hayo katika mmumunyo wa kloridi ya chuma, unarekebisha pH, yaani kipimo cha tindikali na alkali, na chembe hujitengeneza. Watafiti wamejaribu chai ya kijani, mwarobaini, mlonge, shubiri, mkalitusi na mingine mingi. Afrika Kusini kundi la Malik Maaza limeifanya rooibos, ile chai nyekundu ya huko, kuwa kitu cha maabara kwa kutengeneza oksidi za madini mbalimbali. Mwaka 2013 watafiti waliripoti magnetaiti ya wastani wa nanomita 18 iliyotengenezwa kwa mwani wa kahawia uitwao Sargassum muticum. Na mwaka 2016 ikatoka taarifa iliyonifanya nisogeze kiti karibu na meza: watafiti wa Malaysia walitengeneza magnetaiti ya wastani wa nanomita 14.7 kwa kutumia mwani wa Kappaphycus alvarezii. Wakulima waliomo ukumbini wanaujua mwani huo. Ndio huohuo tunaouita kotonii, ambao akina mama wa Paje, Jambiani na Bwejuu wamekuwa wakiufunga kwenye kamba tangu kilimo hiki kilipoanza hapa Zanzibar mwaka 1989.

Je, mmea unafanya nini hasa ndani ya chupa ile? Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo maandishi mengi yanapoteleza. Utasoma mara nyingi kwamba polifenoli, zile kemikali za mmea zinazotoa elektroni, hugeuza chumvi ya chuma kuwa chembe za chuma tupu, kama zinavyoigeuza chumvi ya fedha kuwa chembe za fedha. Kwa fedha ni kweli, kwani ayoni ya fedha hupokea elektroni kwa urahisi, na uwezo wake wa kupokea ni volti 0.80 chanya. Chuma si hivyo. Kukigeuza chuma chenye chaji mbili kiwe metali tupu kunahitaji kushuka hadi volti 0.44 hasi, na polifenoli za jani la chai hazina nguvu hiyo katika hali ya kawaida. Kinachowezekana, na kinachotokea, ni kwamba polifenoli na sukari za mmea huigeuza sehemu ya chuma chenye chaji tatu kuwa chenye chaji mbili, hatua ambayo inahitaji nguvu ndogo tu, na hivyo mchanganyiko wa aina mbili ambao Massart aliupima kwa mizani ukapatikana ndani ya chupa. Kisha molekuli hizohizo za mmea hushika uso wa chembe inayokua, zikaizuia isiendelee kunenepa na isigandane na jirani yake. Mmea basi unafanya kazi mbili kwa mkupuo mmoja: unasawazisha chaji na unavika vazi.

Na katika baadhi ya kazi, ikiwemo ile ya Malaysia, mmea ulifanya kazi ya vazi tu, huku alkali ikiwa ileile kostiki soda ya siku zote. Sisemi hivyo kuidharau. Nasema kwa sababu jina la kazi ya kijani humfanya msomaji adhani hakuna kemikali kali iliyotumika, na kichupa cha kostiki soda kipo palepale mezani.

Lipo jambo jingine la kuangalia, na hili nawaambia wanafunzi hasa. Chukua chai ya rangi, tia chumvi ya chuma, mchanganyiko utageuka mweusi papo hapo. Mwanafunzi hufurahi na kuandika kwamba amepata magnetaiti. Mara nyingi alichopata ni wino! Chuma na tanini ndivyo vilivyotengenezewa wino mweusi wa Ulaya kwa karne nyingi, na weusi huo hauna usumaku wa maana. Watafiti waliozichunguza kwa makini chembe zilizotengenezwa kwa majani ya mkalitusi walikuta kwamba kilichokuwa kikiitwa chembe za chuma kilikuwa mchangamano wa chuma na polifenoli, usio na mpangilio wa fuwele. Kwa hiyo rangi si ushahidi. Kwanza sogeza sumaku kando ya chupa uone kama unga unasogea. Pili, piga eksrei ya fuwele na utafute kilele kinachotokea karibu na pembe ya nyuzi 35.5, ambacho ni alama kuu ya magnetaiti, ukijua kwamba oksidi dada yake, magihemaiti, ina kilele karibu palepale. Tatu, pima usumaku wenyewe: magnetaiti ya kawaida hufikia takriban emu 92 (emu ni kizio cha usumaku) kwa gramu, na chembe zilizovikwa vazi la mmea karibu siku zote huwa chini ya hapo, kwa kuwa sehemu ya uzito wake ni vazi lisilo na sumaku. Mwandishi asiyetoa namba hiyo, mimi humsoma kwa jicho moja.

Baada ya kupata chembe, kuipakia dawa si kazi ngumu sana. Vazi la mmea lina makundi ya haidroksili na kaboksili yenye chaji hasi, na doksorubisini ina kundi la amini lenye chaji chanya, kwa hiyo dawa hujishikiza yenyewe. Uzuri ni kwamba mshikamano huo hulegea katika tindikali. Damu ina pH ya 7.4, mazingira ya uvimbe wa saratani mara nyingi huwa chini kidogo ya 7, na chembe ikishamezwa na seli hufikia vifuko viitwavyo lisosomu ambavyo pH yake iko kati ya 4.5 na 5. Dawa hukaa njiani na kuachiwa inakotakiwa, angalau ndivyo mrija wa maabara unavyoonyesha.

Mwili una kanuni zake. Jaribio la kwanza kwa binadamu la kuongoza dawa kwa sumaku liliripotiwa mwaka 1996 na Andreas Lübbe na wenzake kutoka Berlin. Walifunga epirubisini, ndugu wa doksorubisini, kwenye chembe za oksidi ya chuma, wakawapa wagonjwa 14 wenye saratani iliyofika mbali, na wakaweka sumaku juu ya uvimbe. Chembe hazikuwa za mimea, lakini kanuni ilikuwa hiihii. Wagonjwa walivumilia vizuri, na kwa takriban nusu yao chembe zilielekezwa kwenye uvimbe. Hata hivyo nyingi ziliishia kwenye ini. Zaidi ya robo karne imepita, na njia hiyo haijawa tiba ya kawaida popote.

Sababu moja ni fizikia tupu. Kinachoivuta chembe si ukubwa wa uga wa sumaku peke yake, ni kasi ya kubadilika kwake kutoka mahali hadi mahali, na kasi hiyo hupungua haraka sana kadiri unavyotoka kwenye uso wa sumaku. Uvimbe ulio chini tu ya ngozi unafikika. Uvimbe wa kongosho, uliojificha nyuma ya tumbo, haufikiki kwa sumaku iliyobandikwa nje, na chembe ikiwa ndogo zaidi huvutwa kwa nguvu ndogo zaidi huku damu ya mishipa mikubwa ikiisukuma bila huruma.

Sababu ya pili ni ini na wengu. Chembe iliyo chini ya nanomita 6 hivi huchujwa na figo na kutoka na mkojo. Kubwa zaidi hukamatwa na seli za ulinzi zilizokaa kwenye ini na wengu kwa kazi hiyo hasa. Mwaka 2016 kundi la Warren Chan wa Toronto lilikusanya matokeo yaliyochapishwa katika muda wa miaka 10 kuhusu chembe za nano za kila aina zilizojaribiwa kwa wanyama, na likakuta kwamba kiwango cha kati kinachofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7. Katika kila chembe 1,000 zilizodungwa, 7 ndizo zilizofika. Ipo mijadala kuhusu namna ya kuhesabu, lakini hakuna aliyekuja na namba ya kutufanya tulale usingizi mnono.

Kwa upande wa usalama, chuma kina nafasi nzuri kuliko madini mengine mengi, kwa kuwa mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 za chuma na unajua kuivunja chembe na kuiweka akibani. Oksidi ya chuma iitwayo ferumoksitoli iliidhinishwa Marekani mwaka 2009 kuwaongezea damu wagonjwa wa figo. Lakini mwaka 2015 mamlaka za huko ziliiwekea onyo la juu kabisa, kwa sababu ya mzio mkali ambao uliwahi kuua. Na hiyo ni chembe iliyotengenezwa kiwandani, yenye vazi moja linalojulikana. Vazi la mmea lina makumi ya molekuli, zikiwemo protini, na hakuna anayeweza kuahidi kwamba damu ya kila mtu itazikubali. Barani Ulaya chembe za kampuni ya MagForce, NanoTherm, zilipata kibali mwaka 2010 kwa ajili ya kuupasha moto uvimbe wa ubongo kwa uga wa sumaku unaobadilikabadilika. Huko chembe hudungwa moja kwa moja ndani ya uvimbe, kwa hiyo tatizo la safari halipo. Chembe ya magnetaiti iliyotengenezwa kwa mmea haijaidhinishwa bado kwa matibabu ya saratani ya binadamu.

Kwa hiyo sisi tufanye nini? Kazi iliyopungua duniani si kuongeza mmea mwingine kwenye orodha. Majarida yamejaa makala za jani jipya na picha nzuri ya hadubini ya elektroni, zikimalizia na seli za saratani zilizokufa kwenye sahani ya plastiki, mahali ambapo hata sabuni ya kufulia ingeziua. Kazi iliyopungua ni ya kuonyesha kwamba jani la Januari na jani la Julai hutoa chembe ileile, au kama hazifanani, zinatofautiana kwa kiasi gani na kwa nini. Hakuna mamlaka ya dawa itakayopokea kibebeo kinachobadilika kila mvua inaponyesha.

Kazi hiyo tunaweza kuifanya hapa vizuri kuliko wengi, na tuna sababu ya kuanza na mwani. Kotonii imekuwa ikifa kwa ajili ya maji ya bahari kupata joto, na wakulima wengi wamebaki na spinosamu, Eucheuma denticulatum, ambayo bei yake ni ndogo. Mwani huu wa pili haujafanana na wa kwanza kikemia. Kotonii hutoa karajinani, ile sukari ndefu inayogandisha kama jeli, ya aina ya kapa, yenye kundi moja la salfeti katika kila kipande cha sukari mbili. Spinosamu hutoa aina ya iota, yenye makundi mawili. Salfeti ndiyo inayokamata chuma, kwa hiyo nategemea spinosamu ishike chembe kwa nguvu zaidi na labda ibebe dawa zaidi, jambo ambalo linaweza kuthibitishwa au kukanushwa kwa vifaa vya kawaida vya chuo kikuu pamoja na muda wa kukodi eksrei ya fuwele na kipimo cha usumaku kwingineko. Ningependa sampuli zichukuliwe katika vijiji vilevile wakati wa kaskazi na wakati wa kusi, zikaushwe kwa namna moja, na kila fungu litengenezewe chembe mara kadhaa na watu tofauti.

Halafu, kabla ya yeyote kutamka neno saratani, pafanyike jaribio moja ambalo wengi hulikwepa. Karajinani ikidungwa kwenye unyayo wa panya husababisha kuvimba, joto na maumivu, na inafanya hivyo kwa uhakika kiasi kwamba tangu mwaka 1962 imekuwa ndiyo kipimo cha kawaida cha maabara cha kupimia dawa za kutuliza uvimbe. Vazi tunalotaka kuivika chembe itakayoingia kwenye mshipa wa mgonjwa limetokana na kitu hichohicho. Huenda likishashikamana na chuma hupoa, huenda lisipoe. Panya watatuonyesha, na kama chembe ya spinosamu itawavimbisha, basi tutajua kwamba mwani wetu unafaa kutengeneza sumaku za kusafishia maji au kupimia sampuli nje ya mwili, na kwa upande wa dawa tutafute vazi jingine.